Runinga Iliyotazama Dirishani

Runinga kubwa kuliko zote kijijini kwetu Malindi, ile ya milima ya Lushoto, haitazami viti. Imefungwa ukutani sebuleni kwa bibi yangu, uso wake umeelekea dirishani, na dirisha limeelekea baraza ya jirani wa juu. Aliyekaa kwenye kochi huiona kwa ubavu. Niliipanga hivyo kwa makusudi, na pazia nilikataa kuweka.

Kwa kuwa wewe hukuwepo, nirudi nyuma nikueleze.

Nilipokuwa darasa la nne, runinga ilikuwa moja tu, ya huyo jirani wa juu, mama ambaye mume wake alikuwa na lori la kabichi. Umeme haukuwa umefika. Betri ya gari ilipelekwa mji wa Soni kuchajiwa, ikirudi tunaipokea kama mgeni. Sisi watoto tulitazama kwa kufanya kazi: kuteka maji kule bondeni, kukata majani ya ng'ombe, kupukuchua mahindi hadi vidole vinawaka. Kisha tunapanga foleni mlangoni kuosha miguu kwenye beseni, na jirani anakagua unyayo kwa unyayo.

"Wewe, kisigino hicho! Kimelima shamba gani? Rudi."

Maji ya Julai kule kwetu yanauma mifupa, lakini tulirudia bila kununa. Nyumbani bibi alikuwa na jiko la mafiga matatu, makande yakichemka tangu asubuhi, na moshi uliokaa kwenye nywele, kwenye blanketi, hata kwenye daftari zangu. Nilipolalamika kwamba kuni haziwaki, alinijibu kila mara, "Kuni mbichi hazikatai moto. Zinachelewa tu." Neno hilo nililitunza kwa kazi nyingine kabisa.

Mwaka ule mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, aliolewa Tanga. Mvua za masika ziliporomosha mlima barabarani chini ya Soni, magari yakakwama siku nne, na bibi akaikosa harusi ya mwanawe akiwa ameshafunga mzigo. Baadaye ukaletwa mkanda wa video. Bibi aliubeba kwa mikono miwili, amevaa kitenge kipya, akaosha miguu kwenye beseni kama sisi. Jirani alimnusa.

"Mama, wewe kaa hapo nje dirishani, utaona vizuri tu. Moshi wako utashika kwenye vitambaa vya makochi yangu."

Watu ndani walicheka kidogo. Bibi akaitazama harusi ya mwanawe akiwa amesimama kwenye nyasi, ukungu ukimpita mgongoni. Mimi nilikuwa ndani, sakafuni, miguu yangu imefaulu ukaguzi. Sikutoka. Hilo nalo liandikwe.

Mwishoni bibi harusi alipewa kipaza sauti. Akasema, "Mama yangu kule Malindi..." na jirani akazima. "Betri ni ya mpira wa kesho wa mume wangu. Mtamalizia siku nyingine."

Siku nyingine haikufika. Mkanda ulibaki kule. Bibi alinituma mara tatu kuufuata. Mara ya kwanza niliambiwa uko ndani ya deki, mara ya pili unatafutwa, mara ya tatu mlango haukufunguliwa. Mama mdogo, kila alipotumiwa salamu aulizwe alisema nini, alijibu kwamba yale si maneno ya kurudiwa kwa salamu, atapanda mlima wayatazame pamoja. Alifariki akijifungua, kabla hajapanda.

Basi miaka imepita, nimepata kazi, na mwaka huu nikaingia dukani kwa fundi wa Lushoto mjini anayeuza runinga za mtumba.

"Dada, runinga ya plazma ya nini siku hizi?" akaniambia. "Nzito kama jiwe la kusagia, na inakula umeme. Chukua hii nyembamba."

Nikasogea pembeni hadi mlangoni. Kwenye ile nyembamba nyuso zilififia zikawa majivu. Kwenye plazma zilibaki na damu yake. Nikatoka nje kabisa, nikachungulia kupitia dirisha la duka: bado naona mpaka meno.

"Dada, kwani utatazama ukiwa nje?"

"Siyo mimi."

Jirani sasa ni mjane. Runinga yake ilikufa zamani, na watoto wake wako Dar. Siku ya tatu baada ya kuifunga plazma aliteremka, akasimama kwenye nyasi zetu. "Onga mshi," akasalimu kwa Kishambaa. Nikamwamkia. Shikamoo haina likizo, hata kwa mtu unayemwinda.

"Marahaba, mwanangu. Naona mmepata kubwa."

"Kubwa. Hapo ulipo unaona vizuri?"

"Naona."

"Basi kaa hapo hapo."

Akakaa kwenye jiwe. Sitakudanganya, chai ya mchana huo ilikuwa tamu. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, nami nikaongeza sauti ili asikose kitu. Bibi alikuwa amesogea karibu na plazma, anaota joto lake kama anavyoota moto.

"Mkaribishe," akasema.

"Hajaosha miguu, bibi."

Akageuza shingo kutoka kwenye plazma. Halafu akasema, "Mimi sikutaka kiti chake. Nilitaka mkanda wangu."

Dirisha lisilo na pazia halifichi maneno. Jirani aliondoka bila kuaga. Kesho yake alasiri alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kochi. "Ulikuwa kabatini, mama," akamwambia bibi. "Mume wangu alirekodi mpira juu yake. Niliona aibu kusema. Sijui kama mpira uliufuta wote hadi mwisho."

Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Kisha akachukua kigoda chake, akatoka, akaketi nje kando ya jirani, wote wawili wakitazama ndani kupitia dirisha. Sebuleni nikabaki mimi na kochi langu.

Siku hizi bibi anapikia gesi. Beseni la mlangoni halipo tena, na mtoto anaingia popote na tope lake. Harufu ya moshi niliyoilipizia kisasi imeshatoka kwenye nguo zetu zote. Juzi niliitafuta kwenye kile kitenge, sikuipata.

Nyuma ya plazma kuna matundu matatu ya deki, la njano, jeupe na jekundu. Deki niliipata kwa yule fundi, lakini inasubiri mpira wa kuzungushia mkanda, na Soni hadi mji wa Mombo kule chini hakuna anayeuza. Mkanda uko juu ya kabati. Baada ya "Mama yangu kule Malindi" kuna sauti ya mama mdogo, au kuna mpira wa mume wa jirani. Bado hatujui.