Nilifungua Kidonge Ukweni Watu Wakiwa Wamefumba Macho

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, maana siku ile naamini hata yeye alikaa pembeni akinishangaa. Jina langu naomba libaki kwangu, kwa sababu Tunduma ni ndogo na soko la mahindi lina masikio.

Nina vidonda vya tumbo. Daktari alinipa vidonge vya kupunguza asidi, vile vya rangi mbili vyenye chengachenga ndani. Akanieleza taratibu: kimoja kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula, umeze kizima na maji, usitafune, usikifungue, na usiache kwa sababu tu umepata nafuu. Nikaitikia, "Sawa, dokta." Jamani, kuitikia ninajua sana!

Nilitumia siku chache, moto wa kifuani ukazimika. Nikajiona nimepona. Vilivyobaki nikaviweka akiba kama mwavuli: kukiwa na harusi au nyama choma, nameza kimoja, naingia vitani. Tumbo likinichoma kesho yake, namlaumu mchoma nyama.

Sasa, marehemu kaka yangu aliniachia mwanawe, Isaya. Nimemlea mimi. Akapata binti wa watu huko Ndalambo, na mshenga nikawa mimi, baba yake mdogo. Nilijivuna! Suti niliipiga pasi mwenyewe, sikumwamini mtu.

Mtaniuliza, kwa nini sikuwaambia wenyeji kwamba pilipili siwezi? Aibu tu. Nilijiambia mshenga akianza kulialia tumbo, watu watauchunguza ukoo mzima.

Tulipofika ukweni mimi na Isaya, wakatuandalia ugali na kuku wa kienyeji, bakuli moja la wazee. Mchuzi mwekundu, pilipili zinaelea! Nikakumbuka kidonge mfukoni. Akili yangu ikanituma: kikimezwa kizima kitachelewa. Bora kikutane na pilipili humohumo bakulini, wamalizane kabla hawajafika kwangu.

Mwenye nyumba akasema tuombe. Wote wakafumba macho. Nikakipasua kidonge chini ya meza, nikanyunyiza chenga upande wangu wa bakuli. "Amina!" Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Kumbe shangazi wa binti, aliyevuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kwa ajili ya shughuli ile, huwa anaomba macho wazi.

"Baba, umeweka nini humo?"

Nikaona ukweli ndio salama. "Ni dawa tu, mama."

Ee Mungu wangu! Katika maneno yote ya Kiswahili, nikachagua hilo!

"Dawa? Umuti!" Alilirudia kwa Kibemba ili na walioko nje wasikose. "Wamekuja kumfunga mtoto wetu! Dawa, mchana kweupe, tena kwenye maombi!"

Mwenye nyumba, mzee mpole, hakugombana na mtu. Alinisogezea bakuli lote. "Kama ni kitu kizuri, baba, kula. Sisi tutakuangalia."

Isaya alikuwa ananitazama. Ningekataa, ndoa yake ingekufa pale pale. Nikala. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Tumbo nililolinyima dawa siku zote hizo likanilipa hapohapo: nikajikunja, nikaanguka, nikatapika vitu vyeusi kama masalia ya kahawa.

"Mchawi kanaswa na dawa yake mwenyewe!" shangazi akatangaza, na giza likanifunika.

Nilizinduka kituo cha afya. Kidonda kilikuwa kinavuja damu, wakasema nimshukuru Mungu. Tabibu alipoambiwa habari ya mchuzi wa moto, alicheka kwanza, kisha akakasirika. Kumbe zile chenga zimevikwa utando ili asidi isiziharibu njiani, na mimi nilizipika! Tena si za kuzima moto wa siku moja, zinataka kila siku.

Isaya alirudi Ndalambo na pakiti ya vidonge vyangu, akawaeleza, akapiga magoti. Wakamkubali kwa sharti moja: baba mdogo asikanyage.

Mtoto niliyemlea akaoa, nami niko kitandani Tunduma nasikiliza vigelegele kwenye simu. Nililia, sifichi.

Wewe unayeweka dawa akiba, unayeacha ukipata nafuu, unayepasua kinachotakiwa kumezwa, nakuonya! Tumia kama ulivyoelekezwa, na usipoelewa rudi ukaulize. Ukialikwa kula, sema mapema, "Jamani, pilipili siwezi." Aibu yake inaisha kabla ugali haujapoa.

Yangu haijaisha. Siku hizi nameza kizima, nusu saa kabla ya chai, kila asubuhi. Juzi mke wa Isaya kanitumia pilau kutoka kwao, akaniambia haina pilipili hata chembe. Nilifurahi kama mtoto, mpaka nilipouona mfuniko. Umezungushiwa solotepu mpaka chini, na juu yake shangazi kaandika kwa kalamu nene: "Kimeshaombewa."