Mchicha Nilioumwaga Sokoni

Aibu hii nimeibeba tangu nilipokuwa bwana afya Karagwe, miaka ile ya kipindupindu. Leo naitua.

Siku ya gulio pale Ndama nilimkuta Mama Anastazia, mama wa makamo, akiuza mchicha. Hata shikamoo sikumpa. Nikaunusa, ukanuka choo. Nikaumwaga wote chini na kumfokea mbele ya wanunuzi kwamba anawalisha kinyesi.

Hakulia. Alisema, "Bwana afya, mimi namwagilia maji ya mfereji. Twende ukanioneshe anayeyachafua."

Nikatangulia kifua mbele, nusu ya gulio nyuma yangu. Kutoka bustanini kwake tuliufuata mfereji kupanda mlima, mpaka kwenye migomba ya nyumba niliyopanga. Hapo mfereji mdogo kutoka bafuni kwangu uliingia ndani yake. Mfereji ule mdogo niliuchimba mwenyewe, kama tufanyavyo kwetu Muleba, ili maji ya bafuni yanyweshe migomba. Yanakoishia sikuwahi kwenda kuangalia.

Mke wangu alikuwa pale, akimwaga mferejini beseni la maji aliyofulia nepi za mtoto. Alipomwona Mama Anastazia, akatabasamu.

"Baba Koku, leo umetuletea mama yetu wa mchicha wa kila siku mpaka nyumbani?"