Nyasi za Gothenburg

Bawabu wa jengo letu hapa Al Wukair, nje ya Doha, ni Mganda, na huniita Jaja, yaani bibi kwa lugha yao. Ijumaa ile asubuhi aliponiona na sanduku, nimevaa sweta mbili moja juu ya nyingine, alicheka hadi akashika ukuta.

"Jaja, joto la Doha limekushinda? Unaenda Ulaya kula raha?"

"Ni wikendi tu," binti yangu akamjibu upesi. "Mama anabadilisha hewa."

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na mfuko wa plastiki mpya, nimeukunja mara nne. Nilikuwa naenda kuchota udongo wa kaburi la mwanangu.

Huyo mwanangu alikuwa akisafisha meli bandarini Gothenburg, kule Uswidi. Moyo ulisimama akiwa chumbani peke yake. Binti yangu, ambaye ni nesi hapa Doha, ndiye aliyepigiwa simu. Mimi aliniambia tu kwamba ndugu yake amezikwa vizuri. Wazee nyumbani hawakuridhika. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukazikwa bomani. Nilikataa. Niliwaambia mgomba ni wa mtu asiyejulikana aliko, na wangu ana kaburi. Nitaleta udongo wake tuuzike kando ya baba yake.

Na mimi ndiye huitwa msibani kuwataja waliotangulia. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini majina hayanitoki. Hata sasa naweza kukutajia kila mtoto niliyekaa naye dawati moja. Basi nilitaka kusimama pale nimwite kwa jina, nimwambie twende.

Gothenburg tulipokelewa na mvua nyembamba isiyokatika. Maji ya bandari yalikuwa na rangi ya sufuria kuukuu. Watu walikaa nje ya mikahawa wakinywa kahawa, miguu wameifunika blanketi. Binti yangu alinionyesha kreni, akanionyesha meli, akanipeleka kwenye soko la samaki lililojengwa kama kanisa. Jumamosi asubuhi akataka tutafute kwanza chai.

"Chai nimekunywa," nikamwambia. "Twende kwa ndugu yako."

Makaburini kulikuwa na mawe mengi yenye majina. Nikawa nayasoma herufi kwa herufi, kila moja nikidhani linalofuata ni lake. Binti yangu akayapita yote. Akasimama mbele ya uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri, na mzee mmoja akikusanya majani kwa reki. Wakasemezana Kiingereza. Yule mzee akavua kofia.

"Anasema ni hapa, mama."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenye nyasi."

"Mwambie anyooshe kidole."

Akamwambia. Mzee akatikisa kichwa pole pole.

"Hasemi. Wamezikwa wengi pamoja, bila majina, na hakuna ndugu anayeonyeshwa mahali. Ndivyo walivyo." Akanigeukia. "Na mama, ni majivu. Walimchoma."

Nilitafuta pa kukaa, nikakosa. Ndipo akaniambia yote. Alipigiwa simu akiwa zamuni, wodi imejaa, akaulizwa kama wanataka jiwe lenye jina au kwenye nyasi.

"Nikaona boma letu," akasema. "Nikaona baba alivyolala pale nyasini nyuma ya jiko, hana jiwe na kila mtu anamjua. Nikasema kwenye nyasi."

Ningemgombeza vipi? Kwetu mtoto akianza tu kutembea huambiwa usikanyage hapo, babu amelala. Hata mimi ningeulizwa ningejibu vile vile.

Nikaushika ule mfuko ndani ya mkoba. Ningechota wapi? Ningeweza kumbeba Mswidi wa watu nikaenda kumzika kando ya mume wangu. Nikamwita mwanangu, kwanza kwa jina la babu yake, kisha lile la ubatizo. Sikujua nielekee upande gani, nikawa nageuka geuka pale mvuani, na yule mzee akatazama chini.

Tulirudi Jumapili.

"Jaja, umetuletea nini?" bawabu akauliza.

"Nyasi zao ni nzuri," nikamwambia, nikapita.

Binti yangu alipofungua sanduku na mikoba, aliuona ule mfuko bado umekunjwa. Akaenda kuuweka pamoja na mingine chini ya sinki, hakuniangalia. Nikamwomba anipigie nyumbani, nikampata shemeji yangu.

"Kateni mgomba," nikasema.

Akauliza, "Nguo zake zipo?"

"Lipo shati moja kwenye sanduku langu la huko nyumbani, chini kabisa."

"Na majina, shemeji? Nani atayataja, na wewe uko huko?"

"Siku hiyo mnipigie," nikamwambia. "Simu muiweke karibu na shimo."