Mdomo wa Chini Usitetemeke

Klarineti, ile zumari ya kizungu, nilijifunza kwenye bendi ya jeshi wakati wa vita, na kitu cha kwanza kufundishwa kilikuwa mdomo. Mdomo wa chini unaukunja kidogo juu ya meno, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotoa sauti kinaulalia, na pembe za mdomo unazikaza. Ukilegeza, sauti inashuka. Ukiuma kwa nguvu, inapanda na kubana kama mbuzi aliyekabwa. Mkuu wetu wa bendi alinigonga kidevu kwa kijiti mpaka nikaelewa.

Vita vilipokwisha nilirudi Same, nikapata kazi stesheni, nikaoa binti wa kijiji cha Msangeni. Tulijaliwa mtoto wa kike. Jioni nilimpigia wimbo mmoja wa kanisani, huohuo kila siku, ndio uliomlaza. Sauti ikiteleza kidogo tu alifumbua macho, na mama yake akanicheka: "Haya, mkaguzi wako kakukamata!"

Homa ilimchukua kabla hajaweza kuniita baba.

Tulimzika kijijini kwetu Bombo, juu kwenye ukungu. Nikaamua kumpigia wimbo wake. Baridi ya mlimani inashusha sauti ya klarineti, kwa hiyo ilinibidi nikaze mdomo kuliko kawaida. Na mdomo unaotaka kulia haukaziki, unatetemeka wenyewe. Nikasema moyoni, leo mwanangu asisikie kosa. Nilimeza kilio, nikakodolea macho mgomba mmoja ng'ambo ya kaburi, nikapiga beti zote. Kila sauti ilikaa mahali pake. Wanawake walilia mpaka wakashikiliwa. Mimi chozi halikunitoka.

Tulipoanua matanga nilimkuta mke wangu anafungasha khanga zake. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Ulipiga vizuri mno, mwenzangu," alisema. "Nilisimama pale naomba ukosee. Hata mara moja tu. Ningejua tunalia wawili."

Nilitaka kumweleza. Nilianza kabisa: mdomo wa chini, meno, baridi. Nikajisikia ninavyosema, nikaacha, nikamsogezea khanga iliyobaki. Alikwenda kwao Msangeni na hakurudi. Sikumlaumu.

Siku hizi nikiitoa klarineti, mdomo unatetemeka tangu mwanzo na wimbo wote unateremka. Nauacha uteremke. Ndicho alichokiomba mke wangu, na hayupo wa kukisikia.