Bastola Ndogo ya Kiangazi

Hii aibu ni ya juzi tu, na bado inaniuma. Mimi ni dereva wa teksi hapa Minneapolis. Baada ya abiria mmoja kunitolea kisu, nilichukua kibali nikanunua bastola. Wakati wa baridi koti liliificha vizuri. Joto lilipofika, shati jepesi likaanza kuonyesha uvimbe kiunoni.

Nikarudi dukani. Muuzaji akanionyesha nyingine, ndogo na nyembamba, ya kuchomeka ndani ya suruali. "Hii haionekani hata ukivaa fulana," akasema. Nyumbani nilijizungusha mbele ya kioo kama bibi harusi. Nikainama, nikakaa, nikanyoosha mikono juu. Haikuonekana. Nikajiona mjanja kweli.

Jumapili, sisi tuliokimbia vita Kongo tulikutana kwenye bustani moja mtaani Phillips kumkaribisha Mama Furaha, aliyekuwa amewasili tu kutoka kambi ya wakimbizi. Ndiye aliyenificha chini ya kitanda chake nikiwa kijana, siku askari walipoingia kijijini kwetu. Aliponiona alilia, akanikumbatia kiunoni, maana ni mfupi. Mimi nilikuwa nimefikiria macho ya watu tu. Mikono yao niliisahau kabisa.

Mkono wake ukasimama juu ya ile bastola. Akaipapasa taratibu, akaitambua.

"Papa Neema," akaninong'oneza, akiniita kwa jina la mwanangu, "na huku pia wanakuja?"

Kabla sijajibu, alikuwa ameshageuka kuwatafuta watoto waliokuwa wakicheza, awafiche.