Mjukuu Niliyeogopa Kumbeba

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la saba, na miaka mingi ya hiyo shule niliimaliza nikichunga mbuzi wa mwalimu. Lakini leo ukishuka Ihanja ukaulizia mashine ya kukamua alizeti ya yule mzee mwenye ghala la bati jekundu, hata mpita njia atakuonyesha. Nimejenga mwenyewe, sikurithi hata tofali. Nilianza na kisu kimoja mnadani, nachinja mbuzi, nachuna, nachoma, nauza. Kwa kuchuna ngozi bila kuitoboa, Ikungi nzima sikuona wa kunifikia. Leo watu wenye digrii wanakuja kuniomba kazi, na wananiamkia kwanza.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyepatwa na jambo hili. Hakuwa mtu mwoga.

Binti yangu aliolewa na Mgogo wa Kintinku. Sisi Wanyaturu na Wagogo tunataniana, basi siku ya kumuaga nilishika kipaza sauti nikasema nampa mke lakini mjukuu wa Kigogo simbebi, atanipaka vumbi la Kintinku. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mkwe naye akicheka kichwa kainamisha. Walicheka kwa sababu haiwezekani. Katika ukoo wetu, mtoto wa kwanza huzaliwa mama yake akiwa kwa wazazi wake, na siku anapopelekwa kwa baba yake, babu ndiye humbeba kutoka mlangoni mpaka barabarani. Babu asipombeba, maana yake nyumba imefungwa. Mtoto huyo harudi tena pale, hata kwa msiba.

Binti akaja kujifungua. Akajifungua salama, mtoto wa kiume, na siku waliporudi kutoka kituo cha afya nikachinja beberu kwa ajili ya supu ya mzazi. Nyumbani kwangu hachinji mtu mwingine. Nilishamaliza kuchinja, naanza kuchuna miguu, binti akatoka ndani na mtoto kwenye kanga aje kunionyesha. Akainama karibu yangu. Shingo ya mtoto ikawa pale, na kisu kiko mkononi mwangu.

Ndipo kichwani mwangu ikapita sauti, na sauti ilikuwa yangu mwenyewe: "Hapa kisu kitaingia bila kazi."

Sikuwa na hasira. Sikuwa nimekunywa. Nilikuwa na furaha kuliko siku nyingi za maisha yangu. Kisu kikaniponyoka, nikarudi nyuma, nikamwambia binti amrudishe mtoto ndani, upepo mkali. Kwetu upepo haukosekani, kwa hiyo aliniamini.

Nilidhani limepita. Kumbe lilikuwa linabisha hodi tu. Kesho yake likarudi na picha yake, naona mkono wangu, naona kanga imelowa. Nikisikia mtoto analia, picha inakuja. Akinyamaza, ndiyo inakuja zaidi, maana najiuliza kwa nini kanyamaza. Nikaanza kuondoa visu. Nilianza na vya kuchinjia, vikafuata vya jikoni, panga, shoka, mwisho hata sindano ya kushonea magunia. Vyote nikavifungia stoo ya mashine, nyuma ya magunia ya mashudu ya alizeti, ufunguo natembea nao. Mke wangu akawa anaazima kisu kwa jirani ili akate mboga, mke wa mtu mwenye ghala.

Nikawa namuuliza, "Mtoto mzima?" Ananijibu mzima. Nafsi inatulia kama mtu aliyekunywa maji, halafu kiu inarudi palepale. Namuuliza tena. Nikiwa mashineni nampigia simu nimuulize. Mwisho akawa anapokea simu na kusema "mzima" kabla sijatoa salamu.

Nikahamia kulala mashineni. Nilisema msimu umechanganya, magunia yanataka ulinzi. Kweli yake nilijilinda mimi. Nalala juu ya magunia, naitazama mikono yangu hii iliyonitoa kwenye umaskini, naiogopa kama ya mtu mwingine. Ziko siku niliona heri nife mapema kabla haijafanya jambo. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Watu wa kwetu wakisema fulani kapelekwa Dodoma, hawamaanishi bungeni, wanamaanisha hospitali ya vichaa.

Kwa mchungaji nilienda, nikamwambia nusu tu, kwamba nina mawazo mabaya. Akaniombea kwa moyo wote, akanifundisha kuyakemea. Nikakemea. Nikakemea njiani, nikakemea alizeti ikikamuliwa, nikakemea mpaka sauti ikakauka. Kadiri nilivyoyakemea ndivyo yalivyorudi na ndugu zao.

Huku nyumbani wageni wanakuja kumwona mtoto. Wanawake wakaniita nimpokee mjukuu wangu. Nikarudi nyuma, nikasema, "Si niliwaambia? Wa Kigogo simbebi." Wakacheka. Nikaona hapo pamepatikana pa kujificha. Kila aliyekuja nikampa jibu hilohilo. Waliofuata walicheka kidogo. Waliokuja baadaye walitazamana. Siku moja dada yangu alinitolea mtoto mpaka kifuani, nikaruka kama nimeguswa na moto, nikasema maneno yale yale ya utani, na hakuna aliyecheka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni.

Aligeuka akaingia ndani. Nilimsikia akiongea na mama yake jikoni.

"Mama, mwambie baba nimesikia. Mume wangu ni Mgogo na mwanangu ni Mgogo. Siku nikitoka hapa hatutamsumbua tena."

Akampigia mumewe aje kumchukua. Nikabaki na mambo mawili, nimbebe mtoto nimuue, au nisimbebe niwapoteze wote. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule.

Kwa kukosa usingizi nikaanza kuyumba, nikaenda hospitali ya wilaya wanipime presha. Walipoipima na kusikia silali, wakanielekeza kwenye chumba kidogo mwisho wa korido. Nikamkuta mganga wa kike, umri wa binti yangu. Akaniamkia shikamoo baba, nikaitikia. Nikaanza kumweleza habari za mashine yangu, ghala, nilivyoanza na kisu kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha, kisha akauliza, "Na nyumbani, baba, unalala?"

Sijui ilikuwaje. Nikamwambia yote. Nilipomaliza niliangalia mlango, nikingoja aite mlinzi.

Akaniuliza, "Hilo wazo likija, unalifurahia?"

"Ningelifurahia ningekuja hapa?"

"Na visu viko wapi?"

Nikamwambia. Akasema, "Mtu anayetaka kuua, baba, havifungii visu stoo. Huu ni ugonjwa, una jina na una dawa. Mawazo ya ajabu humpitia kila mtu. Kwako yanakwama, na wewe unayalisha."

Akanipa vidonge, akaniambia nisitegemee vifanye kazi kesho, vinachukua wiki kadhaa. Halafu akanipa kazi ngumu kuliko vidonge. Visu virudi jikoni. Nisimuulize mke wangu tena kama mtoto mzima. Nimkaribie mtoto, kidogo kidogo. Na wazo likija nisilikemee, nisilijibu, nisibishane nalo, nikae nalo hapohapo mpaka lichoke.

Mimi nilielewa kwa njia yangu. Mnadani alikuwepo siku zote mlevi anayekutukana mama yako bila kosa. Ukimjibu, anavuta kiti. Ukimpiga, anarudi na wenzake. Ukigeuza nyama yako kwenye jiko kana kwamba humsikii, anatukana, anatukana, anaondoka. Kesho atarudi, lakini nyama imeiva.

Nikarudisha visu. Mke wangu alipoviona mezani akauliza vilikuwa wapi, na hapo nikamweleza. Alikuwa anakata mlenda. Akachukua kimojawapo akaendelea kukata. Kisha akasema kwa Kinyaturu kwamba alidhani nina mwanamke huko mashineni, na mpaka sasa hajui lipi lingekuwa afadhali.

Mkwe alifika kabla dawa haijashika. Akasalimia, akanywa uji, akatulia kama mtu ambaye mkewe kishamwambia nimemkataa mtoto. Mizigo ikatolewa. Binti akatoka na mtoto mgongoni, akanipita.

Nikamwita. Nikamwambia mbele ya mumewe, maana ningengoja tuwe peke yetu nisingesema. "Mwanangu, si Ugogo. Kichwa changu kinaugua. Kinaniambia nimdhuru mtoto. Sitaki, na hakinyamazi."

Akapeleka mkono nyuma, akamshika mtoto. Nililiona hilo. Halafu akamtazama mama yake, na mama yake akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo maana visu?" akauliza.

"Ndiyo maana visu."

Mumewe akahamisha begi kutoka bega hili hadi lile. Kisha binti akafungua kanga, akamleta mtoto mbele, akaniwekea mikononi. Mkono wake yeye hakuuondoa. Aliuacha chini ya mgongo wa mtoto.

Tukatembea hivyo, bega kwa bega, kama watu wanaohamisha kitanda. Mlevi wangu alitukana njia nzima. Alisema mtupe. Alisema shingo ile. Sikumjibu. Mtoto alikuwa na joto, ananukia maziwa, amenikamata kifungo cha shati. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye mkanda. Majirani wakatoka kutazama, na sikuwatolea utani wowote.

Barabarani binti akasema, "Baba, ukipata nafuu utakuja Kintinku?" Nikasema nitakuja hata nisipopata. Hakucheka, ila hakukataa. Gari lilipokuja alimpokea mwanawe, na mpaka anamchukua, mkono wake ulikuwa bado pale chini. Sikumlaumu. Na mimi ningekuwa yeye nisingeuondoa.