Ng'ombe Wana Ritifaa Yao

Jina la bibi yangu sitaliandika hapa. Limeshaandikwa vibaya vya kutosha, na sina hamu ya kumpa mtu mwingine nafasi ya kulikosea. Nitasema tu kwamba linaanza na ng' ile ya ng'ombe, ikifuatiwa na w, na kwamba ukilitamka sawasawa linaanzia puani ndipo midomo ikajikusanya. Kwa Kisukuma chetu maana yake ni mtu wa njiani. Mama yake alikuwa akihama na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kwenda magharibi kutafuta malisho, uchungu ukamshika, akajifungua kando ya njia, na jua lilipopungua makali wakaendelea na safari. Bibi ndiye aliyenilea, na hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko sala. Kila mara aliimalizia kwa kulitaja jina lake kwa sauti, kidevu juu, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Mwaka huu mgodi ulitangaza kwamba unapanuka, na kwamba makaburi ya kijiji chetu huko Geita yatahamishwa. Orodha ya marehemu ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Binamu yangu akaipiga picha, akanitumia. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, Shinyanga mjini, na siku hiyo nilikuwa nyumbani Ibadakuli nasahihisha insha. Nikaikuza ile picha kwa vidole mpaka namba kumi na saba, katikati ya marehemu wa ukoo wetu, mahali ambapo bibi yangu alipaswa kuwa. Hakuwapo. Palikuwa na mtu mwingine, anayeanza na Mwa.

Nilikasirika mpaka kalamu ikanidondoka. Kwa mtu asiyejua, hilo ni jambo dogo, herufi mbili tatu. Lakini zunguka Usukuma nzima utazame vibao vya barabarani. Mwa hiki, Mwa kile, kijiji baada ya kijiji. Karibu vyote wenyewe tunavitamka Ng'wa, na ng'wa maana yake ni kwa, kwa mtu fulani, aliyefyeka pori pale au aliyechimba kisima pale. Akaja karani na daftari lake, akasikia anachotaka kusikia, akaandika Mwa, na tangu hapo mahali pakabaki na jina lisilosema chochote. Watoto wanazaliwa pale, wanakua, wanakufa, hawajui kwamba wanaishi nyumbani kwa mtu. Na huwezi kuniambia kwamba ni ugumu wa kuandika. Kiswahili hicho hicho kinaandika ng'ombe, kinaandika ng'ara, kinaandika ng'oa. Ng'ombe wana ritifaa yao, kile kialama cha juu, hawajawahi kunyimwa. Bibi yangu ndiye aliyenyimwa.

Nikampigia baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, ambaye ndiye aliyebaki pale nyumbani, na ambaye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Njoo," akasema. "Orodha inafungwa Ijumaa. Jina lililomo ndilo watakalochonga kwenye kibao cha kaburi jipya, na wakishachonga hawabadilishi."

"Hukuwaambia?"

"Nimewaambia mara tatu. Wanasema wamelisoma msalabani. Wanadanganya, mayu. Msalaba uliuandika wewe."

Ni kweli. Bibi alipofariki nilikuwa darasa la sita, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wangu. Fundi alipomaliza kumimina msalaba wa saruji aliniita kabla haijakauka, akanipa msumari. Niliandika polepole, ulimi nje, watu wazima wamenizunguka. Nilipomaliza baba mdogo aliuliza, "Umeandika jina lake?" Nikasema ndiyo. Ile ndiyo kazi ya kwanza ya maandishi niliyoifanya duniani ikaonekana na watu, na nimeijivunia maisha yangu yote. Nimewasimulia hata wanafunzi.

Alhamisi alfajiri nikaondoka. Njia nzima, Kahama mpaka Geita, nilikuwa natunga maneno ya kumwambia karani wa mgodi aliyeandika ile orodha. Nilipanga nimuulize kama angekubali jina la mama yake liandikwe na mgeni asiyejua hata kulitamka. Nilipanga nimwambie kwamba kumhamisha maiti ni jambo moja na kumpoteza ni jambo lingine. Maneno yalikuwa mazuri na niliyapenda.

Kijiji nilikikuta kimebanwa na magwangala, yale mawe ya masalia ambayo mgodi unayamwaga mpaka yanakuwa milima. Zamani kutoka uwanjani kwetu uliona mbali. Sasa unaona mawe. Baba mdogo alikuwa amenisubiri mlangoni, amevaa shati lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Hujachoka? Kama hujachoka twende sasa hivi."

Karani alikuwa kijana mpole, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu ni vigumu kumgombeza mtu anayekuamkia na kukuvutia kiti. Alikuwa na kishikwambi mapajani na kofia ngumu mezani. Alisema ametoka mbali, hajui Kisukuma, na ndiyo maana amefuata kanuni moja tu: kilichoandikwa kaburini ndicho kinachoingia kwenye orodha.

"Basi hujui kusoma," nikamwambia.

"Inawezekana nimekosea, mama. Twendeni tukaangalie."

"Tena mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimesahihisha watu waliokuzidi umri."

Baba mdogo alicheka kidogo kwa furaha. Alitangulia yeye, kwa hatua za mtu anayekwenda kuchukua haki yake, na njiani alinieleza jinsi alivyoutunza ule msalaba. Kila mwaka kabla ya siku ya kuwaombea marehemu anauosha, anaupaka chokaa, kisha anachukua unyoya wa kuku na ule weusi wa ndani ya betri za redio zilizokwisha, anapita juu ya kila mstari nilioukwaruza kwa msumari. Hajui kusoma. Anafuata mifereji tu, kama nilivyoiacha, wala hajawahi kuongeza wala kupunguza. Mvua imepiga miaka thelathini na zaidi na herufi hazijafifia.

"Ndiyo maana nasema wanadanganya," akamalizia. "Jina liko pale, jeusi."

Tulipofika akasimama pembeni ya msalaba, akaweka mkono juu yake. "Soma," akamwambia karani.

Karani akainama, akasoma. Mwa, na mengine yote yaliyofuata.

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Kijana hajui huyu. Soma wewe, mwalimu."

Nikasogea. Saruji ilikuwa imepata ufa upande mmoja, lakini mwandiko ulikuwa wangu, ule wa darasa la sita, herufi za duara zenye mikia mirefu. M. Na w. Na a. Zimenyooka, zimepakwa weusi kila mwaka na mtu aliyeniamini.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka mmoja kabla ya bibi kufa, mwalimu wetu alitupa imla, nami nikaandika kama nilivyosikia nyumbani: ng'walimu, ng'wanafunzi, ng'wezi. Alinisimamisha mbele ya darasa nikazisoma, wenzangu wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati, nao walikuwa wanasema vilevile wakiwa kwao. Kisha akatupa kanuni, tukaiandika ukurasa mzima: popote ulimi wako unaposema ng'w, wewe andika mw. Niliishika kanuni hiyo kama amri ya Mungu. Mtihani uliofuata nilikuwa wa kwanza. Na siku waliponipa msumari, saruji mbichi mbele yangu, sikusahau. Nilimsahihisha bibi yangu. Nilimwandika kwa Kiswahili safi ili asije akachekwa.

Safari nzima nilikuwa nimetafuta mtu wa kumgombeza, na hasira haikutoka, iligeuka tu. Nilimkasirikia yule mwalimu, ambaye naye alikuwa Msukuma na aliwahi kusimamishwa na mtu fulani mbele ya darasa fulani. Nilikasirika zaidi nilipokumbuka zile insha nilizoziacha mezani Ibadakuli. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameandika ng'wanafunzi mara mbili, na zote mbili nilikuwa nimezizungushia duara jekundu, na pembeni nikaandika: Acha kilugha. Miaka ishirini na mbili naandika hivyo. Huyo karani kanikosea jina moja, tena kwa kulinakili vizuri. Mimi sijui nimefuta mangapi.

"Haya, mwalimu," baba mdogo akasema. "Soma."

Ningeweza kudanganya. Ningelitamka tu kama bibi alivyolitamka, kidevu juu, yeye angeridhika na karani angebaki na aibu yake. Nilifikiria kufanya hivyo, siwezi kukataa. Lakini kibao kingechongwa vilevile.

"Kijana amesoma sawa, baba," nikasema. "Limeandikwa vibaya. Nililikosea mimi."

Hakunielewa mara moja. Ilibidi nirudie kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma lilikuwa neno zito zaidi. Aliondoa mkono wake msalabani. Akaangalia zile herufi muda mrefu, moja baada ya nyingine, akizifuata kwa macho kama anavyozifuata kwa unyoya.

"Sasa miaka yote hii nilikuwa namwandika nani?" akauliza.

Karani, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta kitu kwenye kishikwambi chake. Baadaye akasema kwamba kama aliyeandika yupo na anakiri kwa barua, na mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, anaweza kubadilisha kabla ya kesho. Tukarudi ofisini. Nikapewa karatasi na kalamu. Mimi ambaye nimeandika barua za nusu ya mtaa wetu nilikaa na ile karatasi kama mtoto wa chekechea. Niliandika kwamba mimi, mjukuu wake, nilikosea jina la marehemu kwenye kaburi lake, na kwamba jina lake halisi ni hili. Halafu nikaliandika. Ilikuwa mara ya kwanza mkono wangu kuliandika.

Karani akaliingiza kwenye orodha. Alijaribu kulitamka akashindwa, akajaribu tena, na baba mdogo akamrudisha nyuma kila alipoteleza, bila huruma, mpaka kijana akalipata. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeshasimama baba mdogo aliponivuta mkono, akaitaka ile barua. Akaigeuza, akaiweka sawa, akasema nimwonyeshe mahali nilipokosea. Nikamwekea kidole: hapa, n, g, halafu hii ritifaa juu.

"Hiki kidoa?"

"Hicho, baba."

"Na hizi mbili. Basi?"

"Basi."

Akakigusa kile kidoa kwa ukucha, ambao ulikuwa bado na weusi wa betri pembeni.

"Na darasa la sita ulikuwa umefika," akasema, akanirudishia karatasi.